Mstari wa Buluu

Mpaka leo nikiona suti yenye kalamu tatu mfukoni, namdharau mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Si haki, najua. Lakini ninayo sababu, na sababu hiyo ilikula kuku wetu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa kidato cha tatu, shule ya wasichana kule Shirere. Mjomba wangu, askari wa msitu, aliniazima darubini yake ya kutazamia ndege. Kila asubuhi, kabla mawingu ya mvua hayajatanda, niliielekeza juani, sura ya Jua ikaanguka kwenye karatasi, nikahesabu madoa yake. Mwalimu wa fizikia alinipa jarida kuukuu lenye hesabu za miaka mingi: za madoa, na za miale ya kosmiki, yaani chembe ndogo mno zinazotujia kutoka mbali kuliko Jua lenyewe. Nikachora. Mstari mwekundu wa madoa ulipopanda, ule wa buluu wa miale ulishuka.

Mshindi wa mashindano ya sayansi ya wilaya angekwenda Nairobi. Sikuwa nimevuka Kisumu. Niliitaka safari ile hadi nikakosa hamu ya kula.

Siku ya mashindano, jaji, mwalimu mkuu kutoka shule nyingine, mwenye suti na kalamu tatu mfukoni, aliandaliwa obusuma na ingokho, ugali na kuku, kama ilivyo desturi, nami nikasimamishwa kumpungia inzi. Alishiba, akaja kwenye chati yangu na vidole vya mafuta.

"Jua likichachamaa, miale si inakuwanga mingi? Hata mtoto wa nasari anajua."

"Hapana, mwalimu. Miale haitoki kwa Jua. Jua linapuliza upepo wenye sumaku, unafika mbali kupita sayari zote, unaisukuma nje. Ni kama nilivyokupungia inzi. Nilipopunga kwa nguvu, walitua wachache."

"Unalinganisha Jua na sahani yangu?"

Akaamuru chati igeuzwe juu chini. Ikageuzwa. Mistari bado ilipishana vilevile, mmoja ukipanda na mwingine ukishuka, na yule bwana akatikisa kichwa kwa kuridhika! Nilicheka. Hapo ndipo alipotazama vizuri.

"Chora upya, hiyo mistari ifuatane. Ama ukae nyumbani."

Nilimgeukia mwalimu wangu, aliyenifundisha yote yale. Jaji huyo ndiye aliyetarajiwa kumpendekeza apandishwe cheo. Akanipa kifutio. "Chora tu, mama," akanong'ona. "Sisi wawili tunajua ukweli." Mwoga mkubwa. Hata kifutio chenyewe kilitoka mfukoni mwake haraka mno.

Nairobi nilifika. Nilikula chipsi, nikapanda lifti mara nne. Kisha mama mmoja mwenye nywele nyeupe, jaji wa huko, akasimama mbele ya chati yangu, akaitazama kwa muda mrefu.

"Binti, huu mstari wa buluu umeupata wapi?"

Daftari la hesabu za kweli lilikuwa mkobani, chini ya sweta. Ningeweza kulitoa tu.

"Nimehesabu mwenyewe," nikasema.

Alinitazama, akafunga faili yake taratibu, akahamia kwa mwingine. Nimemcheka yule jaji wa kuku maisha yangu yote, na mwalimu wangu nimemdharau zaidi. Lakini jaji hakujua. Mwalimu alinipa kifutio tu. Aliyechora ni mimi.