Nei Rotia na Boti ya Chuo

Niliendesha gari la chuo chetu hapa Tarawa, visiwa vya Kiribati, miaka kumi na miwili, na sikumwona mtu aliyezipenda kanuni kama Nei Rotia wa stoo. Kila mali iliyochakaa ikiuzwa, yeye ndiye aliyebandika tangazo, akapokea bahasha zilizofungwa, akazitumbukiza kwenye sanduku na kukaa na ufunguo. Sanduku halikufunguliwa mpaka Ijumaa saa nne, mbele ya watu wote, na bei ya juu ndiyo iliyochukua. Sisi wafanyakazi hatukuruhusiwa kushiriki. Nilimtania kwamba angeuza hata kivuli changu kwa zabuni, naye akasema, "Nani atakitaka?"

Mwaka huo iliuzwa boti ya alumini. Kaka yake, Teburoro, aliitaka kufa na kupona. Mtumbwi wake ulikuwa umepasukia mwambani, na tangu siku hiyo wanawe watano walikula wali mtupu, jambo ambalo kwetu ni aibu. Alhamisi alikuja stoo, akavua kofia, akakaa sakafuni. Nikajua amekuja na bubuti. Ndugu akikuomba kwa neno hilo, humwambii hapana. Watu wametoa nguruwe, wametoa mashati ya mwilini, na bado wanatabasamu.

"Dada, bubuti," alisema. "Fungua hilo sanduku uniambie Ten Kaitu ameandika ngapi. Nimpite kwa dola moja tu."

"Kaka, niombe baiskeli."

"Baiskeli inavua samaki?"

"Basi cherehani yangu. Chukua na nguruwe."

"Nimeshaomba ninachotaka."

Nilijifanya natafuta spana. Nei Rotia akasema, "Hapana." Nina hakika hakuwahi kumtamkia ndugu yake neno hilo tangu azaliwe. Teburoro alivaa kofia akaondoka bila kuaga.

Nilikasirika, sifichi. "Una roho ngumu, mama," nilimwambia. "Karatasi zina uzito kuliko damu yako?"

Alipanga mafaili huku akilia.

Ijumaa alifungua bahasha mwenyewe na kuzisoma kwa sauti. Teburoro, dola elfu moja mia mbili. Ten Kaitu, elfu moja mia mbili na hamsini. Hakukuwa na wa tatu. Teburoro alipiga makofi pamoja na wengine, maana adabu ni adabu, lakini dada yake hakumtazama hata kidogo.

Kesho yake asubuhi Nei Rotia aliniomba nimpeleke kwa Ten Kaitu, ambaye ni binamu wa marehemu mama yao. Alivua kandambili, akakaa mkekani.

"Baba, bubuti," alisema. "Boti umeipata kwa haki. Naiomba kwa ajili ya Teburoro."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe na wewe unajua kuomba! Mwambie aje aichukue."

Nilifurahi kuliko wote. Nilimwona kuwa mwanamke mwerevu kupita mkuu wa chuo: kanuni hazikuguswa, na watoto watakula samaki. Nilikuwa nimeshanyanyuka niwashe gari, mara Ten Kaitu akamshika Nei Rotia mkono.

"Na mimi sasa, mwanangu, bubuti. Nasikia mwakani mtauza lile lori. Bahasha za wenzangu utanichungulilia."

Nilimtazama Nei Rotia. Boti ya mtu alikuwa ameipokea dakika hiyohiyo, tena kwa neno hilohilo. Aliinamisha kichwa.

"Ndiyo, baba," alisema.

Jumatatu aliingia kwa mkuu wa chuo kabla ya kengele, akaomba ahamishiwe jikoni. Kazi ya stoo aliifanya miaka kumi na minane, na hakuna aliyeelewa kwa nini anaiacha. Mimi nilielewa, nikaona uchungu, na bado nikamfuata huko jikoni kumuuliza kama amerukwa na akili.

"Stoo nilikuwa na kitu cha kuombwa," alisema, akikwaruza ukoko kwenye sufuria. "Huku nina wali. Wakiomba wali nitawapa."