Nepi Nzito Siku ya Kupima

Anti Kijiko jina lake alilipata kwa jasho. Mtoto aliyebana meno mpaka mama yake mzazi akakata tamaa, kwake aliachama mwenyewe kama kifaranga. Katika kituo kile cha kulelea watoto, chumba cha wanaojifunza kutembea kilikuwa himaya yake. Kila mtoto na kikombe chake, kila pua na kitambaa chake, na hakuna aliyegusa chakula kabla ya kunawa, awe hata mkuu wa kituo.

Kisha akaja Anti Mpya, akapewa chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati. Binti mdogo, sauti ya pole, cheti mkononi, na tabia ya kukaa sakafuni na kula pamoja na watoto. Kijiko alimnong'oneza mpishi kwamba yule hakuajiriwa kulea, aliajiriwa kulelewa. Mpishi alicheka. Lakini muuguzi alipokuja na mizani yake ya kila mwezi, watoto wa Anti Mpya walikuwa wameongezeka uzito kuliko wa Kijiko, na mkuu wa kituo akasema mbele ya wazazi kwamba wengine waige. Wengine gani? Vyumba vyenyewe viwili.

Tangu hapo roho haikutulia. Kicheko kikivuka ukuta, kilimchoma. Mtoto wa upande wa pili akipiga chafya, Kijiko alihisi imepigwa vizuri kuliko za kwake.

Utaratibu wa kupima aliujua kuliko njia ya kwao: mtoto apimwe kabla ya uji, amevuliwa nguo na nepi. Mwezi uliofuata, asubuhi ya kupima, aliwanywesha wa kwake uji mapema, akawaongeza, akasindikiza na maji. Nepi za usiku walizotoka nazo kwao hakuzibadilisha. Zilining'inia kama vikapu vya mtu anayetoka sokoni. Muuguzi alipouliza mbona hawajavuliwa, alijibiwa kwamba wana mafua, baridi itawaumiza. Muuguzi alikuwa na haraka, akawapima hivyo hivyo.

Mshale ulipanda kwa kila mtoto. Anti Mpya alisogea, akamshika Kijiko bega, akasema, "Hongera, dada. Wamenawiri." Afadhali angemtukana, maana hongera yenyewe ilitoka moyoni.

Wa mwisho alikuwa Kimya, mtoto mwenye miguu kama njiti. Kwa kuwa uzito wake ulikuwa chini ya umri wake, kituo kilimpa yai na maziwa ya ziada kila mchana, na Kijiko alijua kwamba nyumbani kwao chakula cha jioni ni bahati nasibu. Muuguzi alitazama mshale, akatabasamu.

"Huyu amevuka. Yai lake mpeni yule mdogo wa chumba cha pili."

Chumba cha pili! Mpaka leo Kijiko hajui kilichomfungua mdomo ni huruma au kijicho.

"Mpime tena," alisema. "Bila nepi."

"Si umesema ana mafua?"

"Hana mafua. Ana uji."

Nepi ilipotoka, mshale ulishuka, na bado uji ulikuwa tumboni, huo hauvuliki. Mpishi aliangalia dari. Mkuu wa kituo aliitwa, akasikiliza yote bila kupandisha sauti, jambo lililotisha zaidi. Aliamua watoto wote wa Kijiko wapimwe upya kesho kabla hawajala, Kimya abaki na yai lake, na yule mdogo wa chumba cha pili atafutiwe la kwake. Tena, kuanzia sasa, siku ya kupima, watoto wa vyumba vyote viwili watavuliwa na kuandaliwa na Anti Mpya.

Kijiko aliitikia kwa kichwa.

Mchana alimpakata Kimya, akampondea yai likawa laini, akampa kidogo kidogo, akisubiri ameze kwanza. Mtoto alikula vizuri. Katikati ya kutafuna akaanza kucheka, macho yamemvuka Kijiko begani. Mlangoni alikuwa amesimama Anti Mpya, anamkunjia kidole cha salamu.

Kijiko aligeuka taratibu na kiti chake, mtoto akatazama ukuta.

"Kula, baba," alimwambia.