Matimba Juu ya Sebule Yangu

Paa la nyumba yangu limekalia miti ya wizi. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu nikizunguka nitaanza kujitetea, na katika kujitetea nimeshakuwa hodari.

Nilikuwa mwalimu wa jiografia katika shule ya msingi upande wa Butiama. Nyuma ya shule kulikuwa na kilima chenye mgodi wa dhahabu ulioachwa. Wazungu waliuchimba enzi za ukoloni, wakaondoka mshipa ulipokonda, wakaacha handaki, mashine yenye kutu na lundo la mawe meupe ambayo watoto waliyachezea mdako. Kila mwaka nilipeleka darasa langu hadi mlangoni. Niliwaonyesha jinsi jiwe jeupe, lile linalobeba dhahabu, lilivyopenya kwenye ufa wa mwamba wa kijani na kukaa humo kama mafuta ndani ya nyama. Jiwe jeupe ni gumu, niliwaambia, ila mwamba wa pembeni umeoza kwa maji ya miaka mingi. Unamomonyoka hata kwa ukucha. Ndiyo maana wachimbaji waliweka matimba, yaani magogo ya kuzuia dari lisianguke. Niliyafundisha hayo kwa majidai yote ya ualimu.

Ikaja miaka ya dhiki. Sukari kwa foleni, misumari kwa kubembeleza, mbao hazipo kabisa. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeshapandisha kuta za tofali, na mvua zilikuwa karibu. Jumapili moja, wenzetu wakiwa kanisani, tuliingia mgodini na shoka na kamba. Mume wangu alisita. Mimi ndiye niliyesema, "Nani atarudi humu? Mgodi umekufa." Tulitoa matimba kumi na moja, mti mgumu ambao hata mchwa wanaukwepa. Dari lilidondosha vumbi tu. Nikajiambia kwamba limekubali.

Halafu ikaja ruksa. Maduka ya Bunda yakajaa sabuni na mitumba, na watu wa kawaida wakaruhusiwa kuuza dhahabu. Wanaume wakakikumbuka kilima. Mume wangu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo siri ilibaki na mtu mmoja wa kuitunza. Mdogo wake, aliyekuwa amechoka kuchuuza samaki wa Mugango kwa baiskeli, alikuja kwangu na tochi mpya.

"Shemeji, wewe ndiye unafundishaga mambo ya mawe. Huko ndani kuko salama?"

Jibu lilikuwa la sentensi moja. Lakini jibu hilo lingezaa swali, na swali lingepanda hadi kwenye paa langu. Mwalimu mzima, mwizi wa mali ya serikali! Niliogopa aibu kuliko nilivyomwogopea yeye. Nikasema, "Wazungu walijenga imara, shemeji. Wewe angalia tu usijigonge kichwa."

Alicheka, akaenda. Siku ya tatu dari likashuka.

Walimfukua akiwa hai. Kutoka hospitali ya Musoma alirudi bila mguu wa kulia. Nyumba yake ilikuwa inavuja, basi wazee wa ukoo wakaamua alazwe sebuleni kwangu, maana nyumba yangu ndiyo iliyokuwa imara. Akalala chali miezi mitano, akitazama juu.

"Shemeji," alisema asubuhi moja, "hii miti imechongwa vichwani. Iko kama matimba."

"Tulipewaga misheni, kule Nyegina."

Sijui Nyegina ilinijiaje mdomoni. Akaniamini, mwalimu atadanganyaje? Wiki iliyofuata akamwagiza mkewe alete jogoo wao mkubwa. "Wapelekee mapadri, shemeji. Waambie paa lao limenisitiri."

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka Butiama hadi Nyegina, jogoo mapajani, akininyea gauni la kanisani. Sista aliyenipokea getini aliuliza ni shukrani ya nini. Nikasema, ya paa. Akaanza kuniombea baraka, nami nikaondoka kabla hajamaliza.

Niliporudi, mgonjwa aliinuka kwa viwiko.

"Wamepokea?"

"Wamepokea."

"Wamefurahi?"

"Sana."

Akajilaza tena, ametulia, macho kwenye miti yake. Nikaenda jikoni nikalia, nikiukoleza moto ili moshi ubebe lawama.

Aliishi akitembelea gongo miaka mingi. Tulipomzika, msiba uliwekwa kwangu, kwa sababu ile ile ya uimara. Mkewe alisimama mbele ya waombolezaji, akanishika mkono, akasema, "Huyu dada alimpa mume wangu paa wakati mimi sina. Mungu anaona."

Watu wote waligeuka kunitazama. Sentensi ile moja ilikuwa bado mdomoni, tangu siku ya tochi.

"Ni wajibu wangu," nikasema.