Kioo ya Mama Joyeuse juu ya ukuta ya shemasi

Mama Joyeuse wa Butembo alikuwaka na duka ya kukodisha robes, nguo za harusi, na kama kuko kitu alipenda kupita hata bwana yake, ni vitrine ya ile duka. Kioo kubwa, kutoka chini mpaka juu, na fundi alikuwa ameiandika na rangi nyekundu: JOIE DES MARIÉES, ni kusema Furaha ya Mabibi-harusi. Batoto banamuke ba Kipese, ba Vuhovi, ba Kalunguta, bote balikuwa banasimama pale kwanza, pumuzi inabaishia. Na sababu Joyeuse haiko mujinga, aliingiza duka mu assurance, bima. Batu balimucheka. "Unalipa juu ya balaa yenye haiyafika? Si unaiita?"

Basi, ikafika.

Siku ya Mungu asubuhi akakuta mawe makubwa mu duka na kioo yote chini, vipande vipande. Walevi, ao batu ba wivu, nani anajua? Mwenye kufanya ubaya usiku haachake carte yenye jina yake.

Na hapo njo Banande, batu ba Butembo, balijiloga benyewe. Kwao, mutu akipata balaa, hapana kumuacha akae katikati ya takataka, ni haya ya mutaa muzima. Mbele kengele ya kanisa ilie, bamama balikuwa wamefika na fagio. Balifagia, balipangusa, baliimba. Shemasi Kasonia, mwenye tabasamu kama siagi juu ya mukate ya jana, akaleta mbao, akafunga tundu. Kisha akapakia vioo yote mu brouette, toroli yake. "Nitaizika, Mama Joyeuse. Batoto basikatwe miguu." Joyeuse akamubariki. Akamubariki, mutu kama ule!

Expert wa assurance alipofika, akakuta mbao zimenyooka na simenti inangaa kama sahani ya pasaka. Akazunguka, akanusa, akasema: "Mama, mi sioni uharibifu hapa. Naona kazi ya seremala."

"Mutaa muzima ilifagia!"

"Mafoto?"

Foto ilikuwa moya, ya simu ya Kavira wa kwaya: bamama kumi hivi na fagio, banacheka meno yote, na nyuma yao mbao. Expert akaiangalia, akasema ni foto muzuri ya sikukuu. Na akaenda zake Beni, kwenye bureau yao iko. Kisha wakamuandikia: bila vioo, hapana kulipa. Na bila kulipwa, Joyeuse hakuwa na namna ya kurudisha vitrine, na robe yenye iko nyuma ya mbao, nani atakuja kuikodisha? Nzige?

Njo akaenda kwa Maître Ornella, avocate, wakili, mutoto ya juzi, kiatu ya kisigino kirefu mu matope ya Butembo. Joyeuse alimutazama akafikiri: huyu ni wa kuvunjika mbele ya kesi. Alikosea.

"Vioo iko wapi?" Maître akauliza.

"Shemasi aliizika."

"Twende tufukue."

Balichimba ile shimo yote ya takataka nyuma ya kanisa. Balipata vikonyo vya mahindi, ndala moya, na harufu. Kioo, hapana hata punje. Shemasi Kasonia akajikuna shingo. "Labda ni shimo ingine. Nimesahau, Mama. Akili ya uzee."

Maître Ornella akafuta matope ku kisigino. "Mama Joyeuse, mutu mwenye alizika kitu hasahau kaburi. Haikuzikwa. Niambie: hapa Butembo, kioo yenye imevunjika, batu banaifanyaka nini?"

Joyeuse alikuwa ametia kipande cha ndizi mu kinywa. Akaacha kutafuna.

"Maître," akasema, ndizi ingali mu shavu, "ule shemasi si amemaliza kujenga clôture yake, ukuta ya kuzunguka nyumba, kule Vungi?"

"Na juu ya clôture, ili mwizi asipande..."

"Banapanda vioo! Mungu wangu, banapanda vioo mu simenti! Ita pikipiki! Ita pikipiki haraka!"

Balipanda pikipiki moya, batatu na dereva, Joyeuse katikati akipiga ule dereva mugongo kama punda. Walipokata kona ya Vungi, jua lilipiga juu ya ukuta ya shemasi na ukuta ukawaka. Vioo imesimama mustari kama meno ya mamba. Na katikati, kichwa chini, nyekundu kama pilipili: RIÉES. Mbele kidogo, JOI. Joyeuse aliruka chini, pikipiki haiyasimama.

"Kasonia! Toka! Toka uone vile Bwana ameandika ku ukuta yako!"

Mutaa muzima ikatoka. Mwenye povu ya sabuni ku kichwa, mwenye mwiko mu mukono. Shemasi akafungua mulango kidogo, pua tu.

"Mama, usiniaibishe mbele ya batu. Kioo ni kioo. Kioo haina jina."

"Ya kwako haina. Ya kwangu iko na jina! Soma! Ao kwa kusoma nako ni akili ya uzee?"

Batu balianguka na kicheko. Maître alikuwa amekwisha kuita huissier Jacob, ule mutu kazi yake ni kuandika tu kile macho yake inaona, na maandiko yake inakubaliwa ku tribinali. Shemasi akasema hapana kuingia kwake. Jacob akasema haingii, anasimama mu barabara ya batu bote, na macho hailipake kodi. Akaandika, akapiga mafoto. Kisha ni bibi ya shemasi mwenyewe, mama mwenye haya, alimuita fundi na patasi, vipande vyenye herufi vikatoka na simenti yake.

Kule Beni, Apollinaire, mukubwa wa bureau ya assurance, aliwapokea na uso ya ukuta. "Contrat inasema hapana kugusa kitu mbele expert afike."

"Na contrat hiyo hiyo," Maître akasema, "inasema mwenye mali azuie hasara isiongezeke. Duka wazi, mvua ya Butembo, robes nyeupe. Wewe ungeacha?" Kisha akamuashiria Joyeuse.

Joyeuse akafungua kitenge juu ya meza. Akapanga kipande moya, ingine, polepole, mpaka jina ya duka yake ikasimama pale, na pahali jiwe lilipiga, nyufa zikitawanyika kama buibui. Apollinaire akaangalia murefu. Akachukua kalamu. Akasaini Joyeuse alipwe.

Joyeuse alipiga kigelegele, mpaka mulinzi akaingia na fimbo.

Leo vitrine mupya iko pale, na batoto banamuke banasimama tena bila pumuzi. Shemasi alikuja kuomba musamaha, kofia mu mukono. Joyeuse akamusikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mulango, ule wa kioo, ili amuone vizuri akienda. Na kule Vungi, juu ya ukuta, kumebaki nafasi wazi, upana wa mutu. Batu banaiita mulango ya Joyeuse, na shemasi analala hapo chini yake na mbwa, kwa kuogopa mwizi.