Mgeni wa Ruiru Niliyemchukua Bila Kuuliza Jina

Nikiambiwa kanisani niende kupokea mgeni huwa nasema mguu unaniuma, na vijana wananicheka, kwa sababu mguu huo huo wanauona ukiruka vizuri sana kwaya ikianza. Basi leo niwaambie, ingawa ni aibu ambayo hata sasa, ikinijia nikiwa peke yangu shambani, naanza kuongea maneno ovyo kwa sauti ili isinifikie yote.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya hamsini, uwanja mpya wa ndege wa Embakasi bado watu hawajauzoea, nami nilikuwa kijana kutoka Bungoma, nafanya kazi kiwandani Thika na kulala Ruiru, upande wa Gitothua, ambako sisi watu wa magharibi tulikuwa na kanisa letu dogo la mabati. Tulikuwa tumemwalika Mchungaji Simeo wa Kisumu aje kutuhubiria, na wakubwa wa misheni wakamlipia ndege, jambo lililotutia wazimu sisi wote, maana hakuna aliyewahi kumjua mtu aliyepanda ndege. Nikachaguliwa mimi kwenda kumchukua kwa teksi na kumleta hotelini. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na koti (hakuna sababu nyingine, msijidanganye).

Mama Rispa, yule mjane aliyekuwa akiongoza kwaya, aliniagiza jambo moja tu: ndege ikishuka nisimame mlangoni niite jina la mchungaji kwa sauti, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyeijua sura yake. Nikaitika. Lakini nilipofika na teksi ya Mutua, Mkamba mmoja mpole wa Thika, nikaona sakafu inang'aa, Wazungu wamesimama na kofia zao wakiongea polepole kama watu walio hospitalini, nikaona haya. Nipige kelele hapa kama mwuza samaki? Nikaamua nitamtambua kwa macho tu, kwani mchungaji ni mchungaji, hata akinyamaza anaonekana.

Wakatoka Waafrika wachache. Mmoja alikuwa kijana wa kaptura ya kaki, begi amejibebea mwenyewe, akanisalimia, nikamjibu harakaharaka na kumpa mgongo, maana nilikuwa nimeshamwona wangu: mzee mrefu, koti jeusi amelifunga mpaka shingoni, Biblia kwapani, anatembea taratibu, uso mzito kama mtu aliyetoka kwenye maombi. Nikamwendea, nikainama, nikamuuliza kama ndiye mgeni wa Ruiru. Akasema ndiye, akaniuliza kama ni mimi niliyetumwa. Nikasema ni mimi. Nikampokea mfuko wake, na hapo mambo yalikuwa yameshaharibika, ila mimi nilikuwa natabasamu.

Njiani tulikaa naye kiti cha nyuma, na niliyeongea ni mimi. Yeye alikuwa Mjaluo, Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta, nami sikujua Kijaluo hata kidogo. Nikamweleza vile watu wamejaa hotelini tangu asubuhi wakimngoja, vile mbuzi amechinjwa, vile akina mama wamepika. Alinisikiliza akinitazama mdomo.

"Sikujua yeye ana watu mingi hivi huku," akasema.

Nikajua anamsema Bwana Yesu. Nikamjibu kwamba anao wengi, na kila Jumapili wanaongezeka.

Halafu akauliza, "Sasa yuko wapi?"

Nilidhani anapima imani yangu (wahubiri wa wakati ule walipenda sana kukupima), basi nikakaa wima nikasema, "Yuko nasi, mzee. Hata ndani ya gari hii yuko."

Mzee akageuka. Akatazama kwa kioo cha nyuma, akainua shingo kutazama buti ya gari, kama mtu anayetafuta mzigo ulipofungwa. Kisha akaegemeza kichwa dirishani, machozi yakaanza kumtoka bila sauti. Mutua akamwona kwenye kioo chake, akaniambia pole pole kwamba mzee analia. Nikamwambia ni Roho, na Mungu anisamehe, nikaanza kuimba wimbo wa furaha huku napiga makofi, nikaimba kutoka pale mpaka Ruiru.

Hoteli ilikuwa nyumba ya mawe kando ya barabara, vyumba vya kulala viko nyuma. Mutua akapiga honi kama tulivyopatana, kwaya ikamwagika nje na ngoma na vigelegele, watu wa sokoni nao wakaja kuona, na mzee hajasimama vizuri ameshavishwa shingoni shada la maua mekundu, yale ya kwenye uzio yenye miiba. Alisimama hivyo, Biblia ameishika kwa mikono miwili, akangoja wimbo uishe. Tulifikiri anataka kutusalimu.

"Asanteni," akasema. "Mwanangu mmemlaza wapi?"

Ngoma iliendelea kidogo, maana mpigaji hakusikia, kisha nayo ikanyamaza. Mama Rispa akamsogelea, akamuuliza ni mwana yupi, baba.

"Oduor, wa shamba la kahawa. Waliniita nizike."

Ndipo tukaelewa. Ng'ambo ya mto kulikuwa na shamba la kahawa, na dereva mmoja wa trekta alikuwa ameangukiwa na trekta yake, na wenye shamba walikuwa wamemlipia baba yake ndege ili awahi maziko, na lori la kumchukua wakati huo lilikuwa Embakasi likimtafuta. Nikataka kumvua lile shada, walau hilo, lakini miiba ilikuwa imeshika koti, na kila nikivuta inashika pengine, watu wote wananitazama, mpaka mzee mwenyewe akanishika mkono akasema niache.

Mama Rispa akaiambia kwaya mtu asiende nyumbani. Akauanza ule ule wimbo wa kumkaribisha, lakini polepole, sauti ya chini, na mzee akarudi kwenye teksi, Mutua akaiendesha kwa mwendo wa miguu, sisi nyuma yake mpaka shambani. Tulikuta jeneza la mbao chini ya banda la trekta, mnyapara mmoja na vibarua wachache wenye majembe. Hao ndio watu Oduor aliokuwa nao. Hakuna kati yetu aliyemjua Oduor, na alikuwa akivuka daraja kila mwisho wa wiki kuja kununua sukari kwetu.

Lori likafika baadaye. Humo akashuka, amejaa vumbi, yule kijana wa kaptura, akasema yeye ni Simeo, dereva wa lori alimpa nafasi alipomkosa mzee. Hakuniuliza kitu. Akafungua Biblia akasoma, tukazika. Mzee alikuwa ameshika mkono wa koti langu muda wote, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee aliyekuwa akimjua huku, na nilitamani auachie, na hakuuachia. Chakula cha mgeni tukakila matangani.

Kesho yake nilimrudisha mzee Embakasi na Mutua yule yule, na safari hii sikufungua mdomo mpaka mlangoni, nilipojaribu kuomba msamaha nikashindwa hata kuanza. Nilikuwa natamani anitukane. Akanipokea mfuko wake.

"Mama yake ataniuliza kama aliimbiwa," akasema. "Nitasema aliimbiwa."

Akaingia. Tangu siku hiyo, nikikaa na mgeni njiani, simwambii neno mpaka nijue anaenda kwa nani na anaenda kufanya nini. Nikishajua, mara nyingi naona hakuna la kusema.