Meno Kwenye Mandolini

Nikinusa vumbi la mninga mbele ya karakana yoyote ya seremala, narudi Ujiji kabla sijajua kama nimesimama. Baba yangu alikuwa akitengeneza mandolini, vile vigitaa vidogo vya nyuzi mbilimbili, kwenye kibaraza cha nyumba yetu. Nyuzi alizichambua kutoka kwenye nyaya za breki za baiskeli. Hakuwa na duka wala kibao. Aliyetaka chombo aliulizia tu yule mzee wa ng'ambo, kwa kuwa baba alizaliwa upande wa Kongo.

Alikuwa na tabia moja iliyotutia aibu sisi wanawe. Chombo kikikamilika, aliuma mbao ya kichwani, pale nyuzi zinapokazwa, akafumba macho, akapiga. Alama za meno zilibaki hapo, na pengo lake la mbele katikati. Watoto wa mtaani walituita wana wa panya.

Siku moja mvuvi wa Katonga alikuja kuchukua mandolini yake, akaigeuzageuza.

"Mzee, hii umeila?"

Baba alitabasamu tu. Mama akatoka jikoni, akamgusa bega, akasimama mbele ya uso wake na kumrudilia maneno yale polepole.

"Nimeionja," baba akasema. "Chumvi imekolea."

Tulicheka sote, na mvuvi akaondoka nayo. Mama hakucheka.

Ndivyo alivyokuwa: hakumsemesha baba bila kumgusa bega kwanza. Majirani walimtania. "Wewe huongei na mumeo mpaka umshike?" Naye aliwajibu, "Wenu mnawashika lini?"

Baba alifariki nikiwa sekondari, na hakuacha hata mandolini moja nyumbani. Zote zilikuwa zimeuzwa. Mama naye akamfuata. Tangu hapo nimehama mji hadi mji, nikiuza vitenge, nikipika kwenye migahawa ya watu, na kila nilipokuta muziki nilitazama kichwa cha chombo kabla ya uso wa mpigaji. Nilitaka moja tu, niwe na kitu alichokishika.

Mwaka huu nilirudi kutafuta. Katonga waliniambia yule mvuvi alihamia Ilagala. Ilagala wakaniambia alikwisha kufa, na mandolini yake ilichukuliwa na kwaya moja Kalinzi. Nikapanda milima kwa bodaboda, kiuno kikilia kwa kila jiwe.

Mwalimu wa kwaya aliishusha kutoka kwenye msumari.

"Haiuzwi, mama. Watoto wataimbia nini? Ila sijui ilitafunwa na nini hapa."

"Na baba yangu."

Akayatazama meno yangu.

Sikuwa na nguvu ya kubembeleza. Nilimwomba anipigie tu, mara moja, niume pale alipouma baba. Mashine ya kusaga ya jirani ilikuwa ikinguruma, basi nikaziba masikio kwa vidole na kufumba macho. Akapiga. Sauti ilipanda kwenye meno, ikajaa taya, ikajaa kichwa kizima, safi kuliko nilivyowahi kuisikia kibarazani. Ikanyamaza. Nikabaki nimeuma mbao, nikingoja.

Kumbe mwalimu alikuwa akinisemesha. Nilijua tu aliponigusa bega.

Nikafumbua macho, na hapo hapo nikauona mkono wa mama begani mwa baba. Nani angenunua chombo cha muziki kwa kiziwi? Alikuwa amemficha mumewe mbele ya mji mzima, na mbele yetu, kwa kiganja kimoja.

Nilimwachia mwalimu mandolini yake. Naye akaitundika msumarini.