Njia ya Bondeni

Generoza alipoletwa Masama kutoka Muyinga, Burundi, jambo la kwanza alilofanya mbele ya wakwe zake ni kuanguka. Mumewe Tito, dereva wa malori aliyempata katika safari zake za huko, alimpandisha bodaboda chini kwenye lami. Akakaa upande, kama alivyozoea kukaa nyuma ya baiskeli za kwao. Kwenye kona ya mwisho pikipiki ikapanda, yeye akabaki chini. Wifi zake walicheka mpaka wakashika mbavu. Halafu tunajisifu kwamba tunajua kukaribisha wageni.

Tito alimwambia achague mwenyewe atakavyotembea huku kwetu. Baiskeli haikufaa, maana kupanda unaisukuma wewe na kushuka inakusukuma yenyewe. Ilibaki pikipiki au miguu. Akachagua miguu.

Mlima wetu umekatwakatwa na mabonde. Nyumba ya ng'ambo unaiona, hata nguo kwenye kamba unazitambua, lakini pikipiki lazima ishuke mpaka lami, izunguke, ndipo ipande tena. Anayetembea anakata bondeni, anavuka mto kwenye mawe na kutokea migombani kwa mtu. Zamani sote tulipita huko. Siku hizi tumewaachia mbuzi na Generoza. Kila alipokwenda ng'ambo kwa wifi yake mkubwa, Theopista, alifika na matope mpaka magotini, naye Theopista alimtandikia gunia mlangoni akanyage. Wageni wengine hawakutandikiwa gunia.

Aliyekuwa hamcheki ni baba mkwe wake peke yake, Mzee Filemon, aliyehamia kwa Theopista baada ya kuugua. Mzee alikaa barazani akitazama bondeni, na akiona kitenge cha Generoza kinapanda, alisema chai iwekwe motoni.

Kisha Tito akafa kwa ajali ya lori. Alizikwa kwenye kihamba, shamba la ukoo, mbele ya nyumba aliyomjengea mkewe. Hawakujaliwa mtoto. Matanga hayajaisha, mdogo wake Fabian akaanza kusema kwamba kihamba si cha mtu wa kuvuka mpaka. Nilimchukia tangu siku hiyo na sijaacha.

Wa kumnyamazisha alikuwa mzee tu. Alitaka kumkabidhi Generoza masale, ile mimea ya kuwekea mipaka, mkononi, mbele ya wazee wa ukoo, ayapande kwenye mpaka wa sehemu yake. Kwetu sale ndilo mpaka. Likishapandwa, halina wa kuling'oa.

Asubuhi moja ya Aprili Theopista alipiga simu. Wazee wameshakaa, mzee anaishiwa pumzi, njoo sasa hivi. Generoza alioga, akavaa gauni lake la kanisani. Usiku manyunyu yalikuwa yamelainisha udongo. Mimi jirani yake nilimkuta getini akitazama njia ya bondeni, kisha viatu vyake, nikamuuliza anangoja nini.

"Dada, leo siwezi kukanyaga gunia mbele ya wazee," alisema. "Leo nataka nifike kama mtu wa pale."

Sikumzuia. Nani kati yetu angekwenda kupokea masale akiwa na matope? Davis wa bodaboda alikuwa anapita, akamsimamisha. Safari hii alikaa vizuri, kama sisi.

Kushuka walishuka salama. Kupanda ng'ambo ndiko kulikowashinda. Gurudumu lilizunguka palepale kwenye udongo mwekundu, Generoza akashuka kusukuma, wakapanda kidogo, likateleza tena. Mwisho alimwacha Davis na pikipiki yake, akakimbia. Kilio alikisikia kabla hajaona nyumba.

Alifika gauni limelowa tope mpaka kiunoni. Mlangoni hapakuwa na gunia. Theopista alimshika mikono na kumwambia yale ambayo mimi, hata leo, nikiyakumbuka nakosa usingizi.

"Alikataa kulala. Alituambia tumgeuzie kiti kitazame bondeni. Masale ameyashika, anasema subirini, mkwe wangu haji kwa barabara."

Wazee walikaa, wakazungumza, wakaamua kwamba masale yalikuwa hayajafika mkononi mwa Generoza, basi neno la mzee halishiki. Walisema kwa upole sana. Theopista alilia, lakini kumpinga Fabian hakumpinga. Fabian ndiye aliyeyachukua yale masale kutoka kitini.

Baada ya mazishi aliyapanda. Nyumba ilibaki upande wake, na kaburi la Tito pia. Generoza alifunga mizigo yake kwenye kitenge. Davis alijitolea kumshusha mpaka lami bila malipo; Generoza akamshukuru, akaenda kwa miguu. Nilimsindikiza mpaka kwenye mibuni ya mwisho.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nzuri. Masale yameshika, yamenawiri, na hakuna atakayeyang'oa.